Siku Papa Alipotafsiri Kimya

Kwa mudogo wangu Riziki, huko Rugenge,

Jambo sana. Kama weye na batoto munaamuka salama, na goti la Mama limepunguza kumusumbua, minye nitasema asante kwa Mungu. Umeniambia bado analala bila kufunga mulango, ati Papa asikute umefungwa. Jambo lile linaniuma. Huku Kanada niko muzima. Baridi iko, kazi iko, nyumba ile ile ya bazee. Ninabaogesha, ninabalisha, ninasikiliza malalamiko yabo kutwa nzima. Nikisahau nikabaambia "pole pole, Mama" kwa Kiswahili, nabo banaitika tu!

Sauti uliyonitumia niliisikia. Familia imekaa, mujomba amesema, na Jumamosi munataka kuzika mugomba wa ndizi uliovalishwa shati ya Papa, juu mwili wake haujaonekana tangu alipoenda Bwegera, kule kwenye mipunga, kutengeneza televizio ya muntu. Misimu mitatu ya mvua sasa. Munangoja neno langu, juu minye njo mutoto wa kwanza, na bila neno la mutoto wa kwanza kaburi halifungwi. Nilikuwa nimekwisha kuandika jibu, tena kwa hasira: hapana! Mutazika ndizi namna gani, na muntu bado anaweza kupiga hodi? Jibu lile nimelipasua. Sikiliza kilichonifikia.

Bazee ba hapa banapenda filme za polisi kama vile sisi tulivyozipenda. Iko mama mumoja, Madame Odile, mwenye ulimi mukali, anazijua zote. "Angalia bajinga haba! Banaingia mu nyumba ya giza na tochi, na hakuna hata mumoja anayewasha taa." Tena: "Huyu wa kwanza kukamatwa hakuua. Ataua namna gani, na filme bado ndefu?" Daktari anayekula mukate pembeni ya maiti, huyo njo anamutukana kabisa. Nilicheka sana, juu ni maneno yetu yale yale. Si unakumbuka shangazi? Akiona mu filme jirani mwenye kuchekacheka, amekwisha kumuhukumu mbele hata muntu hajafa.

Na kazi ya Papa, unaikumbuka. Filme ziko mu Kifaransa, sisi hatusikii kitu, yeye anasimama pembeni ya televizio anatutafsiria: sauti ya inspekta, sauti ya mujane, zote ni yeye. Mbele ya mwisho anasimamisha picha. "Haya, mwenye makosa ni nani?" Kila muntu anataja wake. Anayepata, yeye njo anazimisha televizio. Tulikuwa tunagombania heshima ile kuliko nyama ya sikukuu.

Basi Jumanne, kisha chakula cha muchana, nikaona filme yetu, ile ya inspekta mwenye kukosa kidole. Sasa Kifaransa ninakisikia, Riziki. Kumbe Papa alikuwa anatudanganya! Inspekta anaomba kahawa; Papa alituambia anamuomba mujane musamaha. Nilicheka mpaka machozi. Halafu ikafika pale pa shamba lenye maji. Pale, zamani zile, Papa aliongea sana, kwa sauti ya chini ambayo hatukuizoea:

"Huyu muzee alitoka asubuhi na mufuko wake wa vyuma. Alienda kutengeneza televizio ya muntu kule kwenye mipunga. Hakurudi. Bantu ba kwake banataka kumuzikia mugomba apumuzike, lakini muntu mumoja anakatala. Sasa anasimama mulangoni. Haingii, haendi."

Akasimamisha picha. "Haya, mwenye makosa ni nani?"

Riziki, pale mu filme hakuna muntu anayeongea. Niliirudisha mara tatu. Hakuna muzee, hakuna mufuko. Ni shamba tu, maji, na upepo. Nikamuuliza Madame Odile kama amesikia neno. "Neno gani? Bananyamaza," akasema. Papa alitafsiri kimya, na minye nilikuwa na miaka kumi na mbili tu!

Majibu yetu je? Weye ulisema dereva. Shangazi, jirani, kama kawaida yake. Mama alisema, "Acheni, hii ni mubaya." Minye nikapiga kelele: "Ni mutoto wake wa kwanza! Yeye njo anakatala!" "Umepata," Papa akasema. Nikakimbia kuzimisha, na umeme ukakatika mbele ya kidole changu kufika. Nililia, mukanicheka. Papa hakurudia tena filme ile.

Basi Jumanne ile, filme ilipofika mwisho, nikasimama, nikazimisha. Bazee balinipigia kelele! Na mu kioo cheusi cha televizio nikaona viti vyabo, vichwa vyabo vyeupe, na nyuma kabisa, mulangoni, muntu amesimama na mufuko, suruali amekunja mpaka magotini. Madame Odile, ambaye kiti chake kinaangalia mulango, akaniambia, "Mwambie yule bwana aingie ao aende, baridi inatuingilia."

Sikugeuka. Niliogopa, sitakuficha, na hapo hapo nilimutamani kabisa kabisa. Nikasema kwa Kiswahili, "Papa, enda. Nimekubali." Mulango ukajifunga pole pole. Bazee bakaanza kuulizia chai.

Kwa hiyo zikeni Jumamosi. Udongo wa kwanza utupe weye mu jina langu, na ulitaje kwa sauti kubwa. Mutie mu kaburi na bisibisi yake ya mushikio mwekundu, ile aliyoisahau pa meza.

Salimia mujomba aliyesimamia kikao, mwambie hasira imekwisha. Salimia shangazi yetu muhukumu, mwambie safari hii jirani hana kosa. Batoto bako ubapige busu, na yule mukubwa asome Kifaransa.

Na Mama, kisha kuzika, mwambie afunge mulango.

Ni minye dada yako,
Bahati, mutoto wa kwanza