Mchezo wa Taisto na Sauti ya Mama

Lieksa,
14 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Ilpo,

Pokea salamu zangu nyingi huko ng'ambo, wewe na wifi Doreen na watoto. Goti linaendeleaje? Doreen aliniandikia kwamba sasa unatembea bila mkongojo, nikashukuru sana. Lakini nakujua, usianze kupasua kuni. Sisi hapa tu wazima. Theluji imeanguka mara mbili ikayeyuka, njia zote ni tope tupu, na mgongo wangu unalalamika. Kazi ya udobi wa hospitali haingoji mgongo.

Nilitaka kukupigia simu. Nimeishika mara tatu nikaiweka, maana jambo lenyewe nikilisema kwa mdomo nitalia, na nikilia unajua sieleweki. Kama umesimama, kaa.

Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, tulikuwa tunakunywa kahawa kazini. Iina, yule binti ninayekunja naye mashuka, alikuwa anacheza mchezo kwenye simu yake. Mara nikamsikia Mama.

Ilpo, sisemi mtu mwenye sauti kama ya Mama. Nasema Mama. "Kichwa maji wee! Umetoka tena bila kofia!" Na ule mguno wake mwishoni, kama mtu aliyeinua ndoo nzito. Kikombe kilinitoka mkononi.

"Raili, umeungua?"

"Nani huyo anayeongea?"

"Huyu? Si Bibi wa Hilla! Ukichelewa kumfikisha kwake anakugombeza. Binamu yangu yuko Brazili, hajui Kifini hata neno, lakini hilo la kichwa maji analisema vizuri kuliko mimi."

Miaka mitano tangu tumzike, Ilpo! Nilikaa juu ya rundo la taulo chafu. Iina akanionyesha: kikongwe mfupi mwenye kitambaa chekundu kichwani na ndoo ya matunda ya hilla, anavuka kinamasi kwa kuruka vishungi vya nyasi, dubu yuko nyuma yake. Nikamwambia atafute jina la aliyeutengeneza mchezo. Lilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo: Taisto Ryynänen. Shemeji yako. Mume wangu!

Unajua kwamba tangu kiwanda cha mbao kifungwe, Taisto huondoka kila asubuhi na mkate wake mweusi na chupa ya kahawa, ati anakwenda maktaba kutafuta kazi. Mwaka jana akaniambia amepata kibarua cha kompyuta kwa watu wa Helsinki. Fedha zikaanza kuingia, nami nikaacha kuuliza. Kusema kweli niliogopa kuuliza. Mtu aliyeendesha msumeno miaka thelathini, kompyuta ameijulia wapi? Nilidhani ameingia kwenye utapeli.

Basi nilikwenda moja kwa moja maktaba na sare yangu ya dobi. Nilimkuta kwenye kona ya magazeti, miwani iko ncha ya pua, anavuta vibao vya rangi kwenye kioo cha kompyuta na kuvipanga kimoja juu ya kingine kama anapanga kuni.

Aliponiona akasimama. "Raili! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa! Aliyekufa ndiye anayeongea!"

Mkutubi akatuomba tutoke. Tukaenda kukaa ndani ya gari, na humo akanieleza yote huku akitazama usukani.

Kumbe maktaba ilikuwa na mafunzo kwa waliokosa kazi. Huandiki ile lugha ngumu ya kompyuta hata kidogo. Kila kibao kina amri yake: mtu akigusa hapa, bibi aruke, dubu akimfikia, mchezo uishe. "Ni kama kiwandani tu," akasema. "Gogo likifika hapa, msumeno uanze." Alitengeneza michezo kumi na mmoja, haikupata watu. Mmoja wa kupanga magogo ulichezwa na watu sita, na wawili kati yao walikuwa yeye mwenyewe. Afisa wa ofisi ya ajira alimcheka, akamwambia kwa umri wake atafute jambo la maana. Ndiyo maana akaona aibu hata kuniambia mimi.

Bibi ni wa kumi na mbili. Wachezaji hawatoi hata senti, ila kila baada ya muda hutazama tangazo, na wenye matangazo ndio wanaotulipa. Kwa mwaka mzima umeme wetu, mkopo wa nyumba, hata meno yangu mapya, vyote vimetoka humo. Nimekuwa nikitafuna kwa makelele ya Mama bila kujua!

Nilimwambia, "Umemuuza mama yangu."

Akasema, "Nilimweka kwa majaribio tu, nisikie kama sauti inatoka. Halafu nikashindwa kumtoa. Raili, hakuna mtu mwingine aliyewahi kunigombeza vizuri hivyo."

Sauti aliitoa kwenye simu yake ya zamani. Unakumbuka Mama alivyokuwa: akitaka kitu hakunipigia mimi, alimpigia mkwewe, na asipopokea akamwachia ujumbe wa sauti wa kumsema.

Sikuzungumza naye siku mbili. Ya tatu nikagundua kwamba amekwisha kumtoa Mama kwenye mchezo, ameweka kengele, wala hakujitetea. Basi malalamiko yakamiminika kutoka nchi ambazo sikujua zina kinamasi. Mmoja wa Ureno aliandika, "Mrudisheni bibi, siku hizi hakuna anayenigombeza." Wachezaji wakaanza kuondoka, na mapato yakashuka nusu kwa wiki mbili. Taisto hakuninung'unikia. Nilimwona tu anasoma matangazo ya kazi ya kuendesha magari ya kusafisha theluji.

Mimi, ajabu, nimeanza kutaka Mama arudi mchezoni. Lakini Mama si wangu peke yangu, ni wako pia, na sitafanya lolote bila neno lako. Ukisema hapana, kengele ibaki, tutakula kitakachopatikana, na sitakuwekea kinyongo hata chembe.

Kuna jingine, na hili ndilo lililonishinda kusema kwenye simu.

Taisto alinipa ile simu ya zamani nisikilize mwenyewe. Ina ujumbe thelathini na mmoja. Thelathini ni wa kuni, mabomba na kofia. Mmoja haukuwa wa kumwendea Taisto. Ni wa Oktoba 2018, mwaka ule tulipouza msitu wetu nawe ukakasirika, ukaacha kupokea simu zetu. Mama alikosea kubonyeza jina. Nimeuandika kama alivyosema:

"Ilpo, ni Mama. Hupokei. Haya, sawa. Nimewasha sauna, niko peke yangu, nikasema ngoja nimpigie. Yale ya msitu, mimi sikujua namna ya kuyasema. Miti itaota. Huko saa ngapi? Kama umelala, lala, mwanangu."

Huu Taisto hakuuweka kwenye mchezo, wala hautawekwa. Alitaka kukupa siku ya mazishi, akakukuta unalia bandani kwenye kuni, moyo ukamwisha. Kisha miaka ikapita na aibu ikazidi uzito. Nimekwisha kumgombeza, wewe usimgombeze sana.

Simu yenyewe iko ndani ya kifurushi hiki pamoja na chaja. Betri haishiki, ichomeke kwanza ukutani. Ujumbe wako ni wa ishirini na sita.

Nisalimie wifi Doreen, na Kaisa na Eetu uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Taisto anakusalimu, amesimama hapa mlangoni anajifanya anatafuta glavu. Mungu akulinde katika baridi ya huko na akupe moyo wa kusikiliza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa hujui kutembea,

Raili