Nusu Mu ya Kaka Peng

Jumapili, 12 Mei

Kanola niliyovuna imekauka. Nimeimwaga kwenye turubai uani, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Inateleza kama shanga. Ratili elfu moja na themanini kutoka mu zangu nne, robo hekta na ushee – mia mbili sabini kwa kila mu. Mwaka wa barafu!

Februari, mvua ilipoganda kwenye mashina na shamba zima likavunjika shingo, nilitoka na mundu nikakata yaliyovunjika, moja moja. Yachipue pembeni. Walinicheka. Eti Ruan Qiaozhen anainyoa kanola nywele. Haya, imeota nywele.

Mume wangu kapiga simu toka Guangdong, huko kwenye ujenzi. Nikamtajia hesabu. Akauliza kama mizani yangu ni nzima. Mzima yeye?

Jumatatu, 13 Mei

Kinuni. Bi Zou, mwenye kinu cha mafuta, huandika kwa chaki mavuno ya kila mtu kwa mu. Kila mmoja anajifanya amekuja kukamua, kumbe amekuja kusoma ubao. Wa kwanza – mimi. Wa pili Deng Maoshui, mia mbili sitini na mbili. Akadai zake ni kavu kuliko zangu. Nikachukua punje zake tatu nikazitafuna mbele yake. Kavu? Uji mtupu huo.

Wa mwisho Kaka Peng – kaka kwa heshima tu, ni jirani yangu tunayepakana naye shamba. Mia na tisini. Alisoma, akasema haya, akabeba dumu lake akaondoka. Tukaangaliana.

Maana wote tunajua alivyoahidiana na binti yake Yuhe, aliyeko Wuhan. Mavuno yakishuka chini ya mia mbili, anaacha shamba na kuhamia kwake, ghorofa ya ishirini na mbili. Hesabu hiyo aliitaja Peng mwenyewe, kwa ujeuri, kanola ikiwa bado imesimama. Ana miaka sabini na moja. Bado anaotesha miche kitaluni na kuihamisha kwa mkono, kwa kamba, mstari baada ya mstari. Sisi wengine tunamwaga mbegu tu na kwenda nyumbani kula.

Deng ameshaanza kusema kwamba shamba lile atalikodi yeye.

Jumatano, 15 Mei

Yuhe anakuja Jumamosi na gari. Nimempelekea Kaka Peng mafuta mapya. Akanipa figili za siki, akaendelea kukunja nguo. Hakuniangalia usoni. Nikaona ni aibu ya kushindwa, nikamfariji – nikamwambia barafu haichagui, na kwa umri wake hata mia na tisini si haba. Nilijiona mkarimu kweli.

Ijumaa, 17 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nimekwenda kusafisha shamba kabla ya kuingiza maji ya mpunga. Upande wa machweo, kwenye mpaka, visiki vimesimama kwa mistari. Mistari! Minene, imeachana sawasawa, kama imepigwa rula. Mimi sijawahi kupanda kwa mstari tangu niolewe. Nikapekua mabua kwa mguu. Mfereji wa mpaka huu hapa, umefunikwa – na mimi nimesimama ng'ambo yake, ndani ya shamba la Peng.

Nimepima kwa hatua mara tatu. Nusu mu, si pungufu.

Siku ya kuvuna nilikuwa uani natandika turubai. Nikampigia Ke, mwenye kombaini. Akasema kanola ilikuwa imelala huku na huku, mfereji hakuuona, alikata kwangu hadi alipoona panatosha, kisha akahamia kwa Mzee Peng. Eti kwani kuna mbegu iliyobaki shambani? Basi nalalamika nini?

Kwa hiyo magunia ya Peng hayakutoka kwenye mu tatu. Yametoka kwenye mbili na nusu. Mia mbili ishirini na nane kwa kila mu. Na mimi ni mia mbili arobaini na moja.

Nyuma ya Deng. Nimerudia hesabu. Bado nyuma ya Deng.

Keshokutwa maji yanaingia, visiki vinazama, na hakuna atakayejua. Nimeliandika wazo hilo ili niuone uso wake. Ni mbaya.

Jumamosi, 18 Mei

Asubuhi nilianza kinuni. Nikafuta hesabu yangu kwa kiganja, nikaandika upya, yangu na ya Peng. Bi Zou akauliza nimeamka na homa? Nikawaeleza wote waliokuwepo. Deng alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Acha acheke. Mia mbili arobaini na moja mwaka wa barafu bado ni kazi ya mundu wangu.

Kisha kwa Kaka Peng. Gari la Yuhe uani, buti wazi. Nikasema pale pale, kabla sijakaribishwa.

"Nusu mu yako imo kwenye magunia yangu, kaka. Umevuna mia mbili ishirini na nane."

Hakushtuka.

"Mistari yangu naijua, shemeji. Niliiona jioni ile ile."

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, akaniacha nimletee mafuta na maneno ya kumfariji.

"Mgongo unauma," alisema. "Nikaona kombaini imeniamulia. Sikutaka kubishana nayo."

Yuhe alikuwa mlangoni, amekumbatia blanketi. Alisikia yote. Akaniita mama mdogo, akaniuliza taratibu kama nina hakika. Nikamwambia ya kanola nina hakika. Ya baba yake amuulize mwenyewe.

Nimerudi. Naandika jikoni, dirisha linatazama uani kwao. Mbegu zake nimeshazipima, ratili mia na kumi na nne, zipo mlangoni. Sijui nizipeleke ghalani kwake au garini.

Hakuna anayepakia kitu. Yuhe ameketi kwenye ukingo wa buti la gari, blanketi bado mapajani. Kaka Peng yuko kwenye kigoda, amevaa viatu vipya vya mjini. Ameinama. Anafungua kamba za cha kulia. Amekivua, anakitazama. Cha kushoto bado –