Mbu wa Nyumbani Kwangu Hawafi

Jumanne, Kisoko

Eti mbu wangu ni wazuri! Kijana mmoja wa maabara ya mbu alikuwa anawanyonya ukutani kwa mrija wake, anawatia kikoponi, anafurahi, na Athieno wangu amelala hapo hapo na malaria, tena.

Nikamuuliza, "Mwanangu, uzuri wao ni nini?"

"Mama Athieno, wale wetu wa maabara tumewafuga miaka mingi, wote ni ukoo mmoja. Dawa ya neti inawaua wote. Wa kwako wamechanganyika, wengine hawafi. Tutawafuga na hawa pia, tujue kwa nini."

Kumbe neti yangu waliijaribu kwa mbu walegevu wa kufugwa. Na juzi nesi alinigombeza mbele ya watu, eti mtoto anaugua kwa sababu neti nimezungushia kuku. Nikambeba mtoto, nikaondoka kama mwizi.

Nikamwambia kijana, sasa leo mtoto wangu alale ndani ya nini?

Furaha ikamwisha. "Hiyo hiyo tu, mama."

Nimeichomeka chini ya godoro pande zote. Mwili wa mtoto bado moto. Mbu mmoja ametua juu ya neti, akatulia kabisa, kama yuko kwake. Nimemuua kwa mkono.