Mti wa Topetope wa Mama

El Carrizal, Choluteca
20 Septemba

Mpendwa kaka yangu Eulalio,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Hujambo wewe? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Sisi wazima, ila mvua zinakuja kwa kujivuta.

Ule mti wa topetope wa marehemu mama, ulioagiza ukatwe ili ujenge nyumba yako pale, bado umesimama. Usinune kwanza, nisikilize.

Viwavi walivamia shamba mahindi yakiwa yamefika magotini, wakajichimbia katikati ya kila mche na kutafuna majani machanga. Mwaka jana dawa ya dukani ilimlaza mume wangu Nicanor kwa kutapika, na hataki kuigusa tena. Lakini tukikosa mahindi haya, tutakula nini?

Nikamkumbuka mama. Unakumbuka alivyotwanga mbegu za topetope akatupaka kichwani, macho yetu yamefungwa vitambaa, na chawa wakakoma? Nikajiuliza: kama ziliua chawa, zitashindwa na kiwavi? Nikazisaga kwenye jiwe bovu, si lile la kusagia mahindi ya mikate ya tortilla, nikaloweka, nikachuja. Nikatia viwavi kwenye chupa pamoja na jani lililolowa dawa, nikawa nachungulia kila nikipita.

“Mke wangu, sasa unafuga viwavi? Wape na majina basi!” Nicanor akanicheka.

“Huyu mnene nimeshamwita Nicanor.”

Basi, kaka, yule mnene ndiye aliyeacha kula mwanzo. Hakufa papo hapo. Alizubaa tu, na kesho yake nikamkuta amekauka. Kwa nini anasusa chakula kabla ya kufa? Natamani sana kujua.

Nikaanza kunyunyizia dawa hiyo shambani, mche kwa mche, mpaka mbegu zikaniishia. Nikawaita majirani waje kula topetope, mbegu waniachie. Jirani yetu Mama Tomasa akalalamika, “We Hermelinda, unanichungulia mpaka mdomoni!” Lakini aliondoka na chupa ya dawa kwa ajili ya shamba lake.

Sasa mahindi yametoa majani mapya, nami nimelia kwa furaha. Shoka ambalo Nicanor alikuwa ameshalinoa, anapasulia kuni.

Msalimie shemeji Ondina na watoto. Mungu akutunze huko ugenini.

Vigingi vya msingi wa nyumba yako nimeving'oa, nikavisogeza upande wa kisimani. Dirisha lako la jikoni litautazama mti wa mama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna,
Hermelinda