Mswaki wa Betri wa Mama Sumaili

Mama Sumaili,

Uji nimeufunika jikoni. Nakwenda msikitini.

Jirani Germaine akirudi kutoka Kamatanda na ule mswaki wa betri, ~~mwambie hatuuhitaji~~ uchukue, umpe unga kama mlivyopatana.

Asubuhi ulipoutaka, nilikuhubiria fadhila za kijiti cha mswaki mpaka ukasema, “Sawa, Baba, weye njo unajua,” ukaniachia neno la mwisho. Kisha nikakuona bombani: mkono wa kuume uliopooza umelala pajani, wa kushoto ukitetemesha kijiti, ufizi ukivuja damu. Nikarudi ndani kimya kama mwizi. Tangu upooze, sikuwahi kukuuliza unasafishaje meno. Nakuonea haya, mke wangu, na Mola wangu zaidi.

Betri nimezitoa katika redio yangu. Zikiisha, nazo siku hizi ni adimu, mkono wangu upo, ukiridhia.

Mumeo,
Baba Sumaili