Bastola ya Bei ya Mkulima

Nkololo

Baba mdogo Luhende, shikamoo.

Jambo hili sijamwambia mtu. Tangu ng'ombe wetu waibwe, Baba anasema wewe ndiye uliyewaonyesha wezi zizi. Anatafuta bastola. Hajui kusoma, kwa hiyo ujumbe wa muuzaji namsomea mimi.

"Muulize kama haikwami," alisema, "na bei iwe ya mkulima wa pamba, siyo ya mbunge."

Jana muuzaji alijibu kwamba ipo, haikwami, na bei inapungua. Nilimsomea Baba kwamba imeshauzwa.

"Soma tena."

Nikasoma vilevile.

Mtama umeota vizuri. Tafadhali, usije kwenye harusi ya dada Violeth.

Baba alipokwenda kuoga nilifuta namba ya muuzaji, nikarudisha simu kwenye koti lake, nikaenda kukamua ng'ombe mmoja aliyebaki.

Mwanao wa Kidato cha Tatu,
Flora