Nilimchapa kwa Kusimama

Kosele, Jumapili, 1996. Mvua imekataa tena. Leo afadhali ingenyesha, nikabaki ndani.

Falko amelala nje ya mlango. Haingii hata nikimwita. Ni mbwa wa Kijerumani, wa madoadoa ya kahawia, niliyeachiwa na mhandisi wa barabara niliyempikia kule Rongo. Akiondoka aliniambia huyu ni mbwa wa kazi zote za porini. Nikaamini.

Mbwa wetu wa huku wakinusa sungura hutimka, nasi mbio nyuma yao na rungu. Falko akinusa kwale alikuwa anasimama. Anakauka kabisa, mguu mmoja wa mbele juu, pua imeelekea majanini. Shemeji yangu Otieno alicheka mpaka akakaa chini. "Omera, hii mbwa yako inaogopa hata ndege!"

Niliona aibu. Nikakata fimbo.

Kila aliposimama nilimchapa ili akimbie. Miezi minne. Mwishowe akaacha kusimama, nami nikajisifu: samaki mkunje angali mbichi.

Leo asubuhi amekuja Mhindi mwenye duka la vyuma Migori, ana kibali cha kuwinda ndege, kuomba kupita shambani kwangu. Alimwona Falko hata kabla ya kunisalimia. Akanieleza kwamba mbwa wa namna hii husimama kumwonyesha mwenye bunduki ndege alipo. Tena huogelea akaleta bata bila kumng'ata, na mnyama akijeruhiwa hufuata damu yake hata siku ya pili. Nikamsimulia habari ya fimbo. Akamtazama Falko, kisha mimi.

"Haogopi ndege, bwana. Alikuwa anakuonyesha."

Tukampeleka majanini nyuma ya boma. Falko akanusa, mguu ukaanza kuinuka. Halafu akanitazama mimi, akalala chini, akafumba macho akingoja fimbo.

Mhindi aliondoka bila kunywa chai. Simlaumu.

Jioni nimerudi pale na Falko, sisi wawili tu. Kwale walikuwa wakilia karibu kabisa. Sikujua nimwombe msamaha vipi, basi nikasimama mimi, mguu mmoja juu, mtu mzima na ndevu zangu, nimwonyeshe kwamba sasa ni ruhusa. Otieno angeniona angesema nimerogwa.

Falko aliuona mguu umeinuka, akajikunyata. Alidhani nataka kumpiga teke.

Nimebaki na kiungo gani asichokiogopa?